Viganja Nyuma ya Mlango

Kaka yangu hakuitwa Kioo kwa sababu ya sura. Sura yenyewe ilipinda upande tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akiwa kijana, na mimi dada yake nilikuwa wa kwanza kumcheka. Waliomwita Kioo walimwita kwa sababu ya kuta zake. Ukuta uliopigwa lipu na kaka yangu unaupitishia kiganja kutoka dirishani mpaka mlangoni na hukwaruziki popote. Wanawake wa mtaani kwetu walikuwa wakisema unaweza kuuegemea ukiwa umevaa hariri na uzi usinase. Mimi ni fundi cherehani, hariri naijua, na nakuambia hawakutia chumvi.

Tena alikuwa na mchezo wake. Akimaliza nyumba, lipu ikiwa bado mbichi, alikuwa anaita mtoto mdogo kuliko wote wa nyumba ile. Anamshika mkono, anaukandamiza ukutani nyuma ya mlango, chini kabisa pale mtoto anapofikia. Kinabaki kiganja kidogo, vidole vitano. "Hiyo ndiyo sahihi yangu," anasema. "Mimi shule niliikimbia, basi acha watoto wanisainie." Mtaa mzima una viganja. Nyumbani kwangu kuna cha mwanangu wa mwisho, ambaye siku hizi ana ndevu na anaishi mbali, na simu anapiga anapojisikia. Nikifagia nyuma ya mlango lazima nikiguse.

Sasa mtaa wetu ulijengwa kwa ajili ya watu wa mgodi. Nyumba za safu, zimebanana, na nyuma yake kilima. Kilima hicho hakikuumbwa na Mungu. Mgodi ulikuwa wa risasi, ile metali nzito inayowekwa kwenye betri za magari. Mawe yalisagwa mpaka yakawa unga, metali ikatolewa, unga uliobaki ukamwagwa nyuma ya nyumba zetu. Ukamwagwa na kumwagwa. Kampuni ikabadilisha jina, ikauzwa kwa nyingine, ile nyingine ikafunga lango siku moja na kuondoka bila hata kuaga, ikatuachia uzio, mashine zenye kutu na kilima cha mchanga wa kijivu. Upepo ukivuma, nguo ulizofua asubuhi unazifua tena mchana.

Mchanga wa Kioo, alivyotuambia yeye mwenyewe, ulikuwa wa mto. Mto wa mbali, lori linakwenda na kurudi. Kila mwenye nyumba alilipia lile lori. Hakuna aliyewahi kuliona likienda mtoni, lakini nani ataomba kuonyeshwa mto wakati ukuta umetoka vile?

Halafu wakaja watu wa afya wakawatoboa watoto vidole. Majibu yakarudi mabaya: damu za watoto wetu zina risasi, ndiyo maana wengine matumbo hayaishi kuwauma, wengine darasani hawashiki kitu. Tukasema ni kilima, ni vumbi, tunakijua. Lakini wale watu walikuja pia na kifaa kidogo cha kuelekeza ukutani, kinapiga kelele kikikuta risasi. Kwenye nyumba za lipu ya kawaida kililalamika kidogo. Kwenye nyumba za Kioo kilipiga kelele kama mtoto aliyebanwa na mlango.

"Huu si mchanga wa mto," akasema mmoja wao, akizungusha ukucha ukutani kwangu. "Huu ni wa pale," na akaonyesha kilimani.

Jamani! Mtaa mzima ulihamia mlangoni kwa kaka yangu. Mimi nilikuwa mbele, sindano bado iko kifuani imechomekwa kwenye nguo. Akatoka na singlendi, akageuza ndoo yake ya kazi, akaikalia. Mchinjaji, ambaye bucha lake liko mwanzo wa mtaa na sauti yake inafika mwisho, akamwambia, "Fundi, sema."

Akasema. Zamani, mgodi ukiwa bado unafanya kazi, msimamizi wa lango alimpa kazi ya kupiga lipu nyumba za wakubwa wa kampuni. Kazi ikaisha, hela hakuna. Msimamizi akamwambia, si wewe ni fundi, chukua mchanga huu ujilipe, chukua unavyotaka, na lori la kampuni nakupa la kukubebea. Akauchekecha, akaujaribu, akaona hajawahi kushika mchanga kama ule. Mwororo kama unga wa ngano. "Sikujua una sumu," akasema. "Nani alijua? Wao wenyewe waliutumia kwenye nyumba zao."

"Na hela ya lori la mtoni?" mchinjaji akauliza.

"Nilikula."

Mchinjaji akatema mate, si mbali na mguu wake. Mimi nilimtukana kaka yangu siku ile mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia marehemu mama yetu ana bahati kwamba haoni. Yeye alikuwa anaangalia chini tu, anakwangua saruji iliyokauka kwenye ndoo kwa ukucha.

Watu walipotawanyika akaja binti yake. Ndiye mtoto pekee aliyenaye, mama yake alifariki mapema, na mimi shangazi mtu ndiye niliyemfunda. Anakaa mwisho wa safu, chumba na sebule, na ana mtoto mmoja wa kike ambaye babu yake anamwita Mchumba. Chumba kile cha kulala Kioo alikipiga lipu upya mtoto alipozaliwa. Kilikuwa zawadi. Alijifungia humo siku kadhaa, hataki mtu aingie, na alipotufungulia mlango tulipigwa na butwaa. Hakujawahi kuwa na ukuta kama ule mtaani, hata yeye hakuwahi kuupiga. Nyuma ya mlango, kiganja cha Mchumba, kidogo kama cha mdoli.

Binti akasimama mbele ya baba yake. "Na kwangu, baba?"

"Kwako ni wa mto."

"Baba."

"Haki ya Mungu, wa mto. Kwako nilikodi lori kweli. Nimpakie mwanangu taka ukutani? Wewe unanionaje?"

Binti akashusha pumzi, na mimi nikashusha yangu. Mtu anaweza kuwadanganya majirani, lakini si damu yake. Ndivyo nilivyofikiri, na ndivyo alivyofikiri yeye.

Kuanzia hapo binti alifanya ambacho mama yeyote mwenye akili angefanya. Nje kuna vumbi la kilima, nyumba za majirani zina kuta zenye sumu, chumba safi mtaani ni kimoja tu na ni chake. Akamfungia mtoto mle. Akaziba madirisha kwa matambara yenye maji. Marufuku kucheza nje, marufuku kwenda kwa jirani, vitu vya kuchezea vinaoshwa kwa sabuni. Wale wenye kifaa walipofika mlangoni kwake akawaambia, "Hapa ni mchanga wa mto, msipoteze muda, nendeni kwa wenye shida." Walikuwa na nyumba nyingi na jua lilikuwa kali. Wakaenda.

Mchumba alikuwa na umri wa kuanza kung'oka meno ya mbele. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, anakuuliza kwa nini mpaka unatamani kujificha chini ya meza. Yale maneno yakaanza kumtoroka. Kijiko akakiita "kile cha kulia". Mimi akaniita "yule bibi wa nguo". Akishikwa na tumbo anajikunja, hasemi kitu, jasho linamtoka puani. Mama yake akasema ni sumu ya zamani, ya wakati alipokuwa akicheza nje, itatoka pole pole sasa yuko ndani.

Hapo katikati ndipo zikaja habari za mawakili. Serikali ilikuwa imeishtaki kampuni moja kubwa, ile iliyoimeza ile iliyoimeza ile iliyochimba mgodi wetu, ilipe gharama za kusafisha. Walivutana miaka, halafu wakaamua kumalizana nje ya mahakama. Wakili tuliyepewa sisi wakazi, mtu wa kukohoa kabla ya kila jambo, alituita kwenye bwalo la zamani la wachimbaji kutueleza.

"Kampuni," akakohoa, "haikubali kosa lolote. Lakini inatoa pesa."

"Yaani hakuna aliyekosea ila analipa?" mchinjaji akauliza.

"Ndivyo makubaliano yalivyo."

"Basi kesho nakuuzia nyama iliyooza. Sikubali kosa, ila chenji yako nitakurudishia."

Bwalo likaangua kicheko, hata wakili akacheka. Lakini aliyoyasema baadaye hayakuwa ya kuchekesha. Kampuni itakifunika kilima. Itabandua kuta zenye mchanga wake na kuzijenga upya, lakini kwa sharti: uwe ni mchanga ambao kampuni yenyewe iliutoa, lango likiwa wazi. Uliochukuliwa baada ya lango kufungwa ni wa wizi, na wao hawahusiki. Na makubaliano yakishatiwa saini, faili linafungwa moja kwa moja. Aliyeachwa nje ameachwa, hata alie damu.

"Nahitaji mtu wa kusema kampuni iliutoa mchanga," wakili akasema. "Na nahitaji kujua kila nyumba ilipigwa lipu lini."

Watu wote wakageuza vichwa kumtazama kaka yangu, ambaye alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa naye.

Ushahidi wa pili aliupata wakili mwenyewe. Alikuwa nyumbani kwa mchinjaji akifunga mlango ili atundike koti nyuma yake, akaona kiganja. "Huyu ni nani?" Mchinjaji akainama na tumbo lake lote, akauweka mkono wake ule kama beleshi juu ya kile kiganja kidogo. "Ni mimi," akasema. Na akalia, dume zima lile, kwa sababu alikumbuka mama yake alivyokuwa amesimama pale akicheka. Wakili hakulia. Alikuwa tayari anapiga hesabu. Kila nyumba ina kiganja, kila kiganja kina mwenyewe, kila mwenyewe ana cheti cha kuzaliwa. Mtoto akiwa amezaliwa kabla ya lango kufungwa, nyumba imeingia.

Binadamu hana maana, nakuambia. Wiki ile ile Kioo akarudi kuwa mfalme. Shikamoo fundi, fundi karibu chai, fundi kaa huku mbele. Watu wazima walikuwa wanasimama nyuma ya milango yao wameweka mikono ukutani, wanapigwa picha. Mchinjaji alimletea maini kwenye karatasi. Nilitegemea kaka yangu atavimba kichwa, maana kusifiwa anakupenda, lakini alikuwa anakonda. Alikuja kukaa mlangoni kwangu ninaposhonea.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Meno."

"Meno gani, kaka? Yaliyobaki yana haki ya kustaafu, si ya kuuma."

Hakucheka. Nikajua kuna kitu, lakini nikadhani ni hofu ya kusimama mbele ya wakubwa.

Wakili alikuwa amemweka chini mara kadhaa kumfundisha. Kamati ya uhakiki itakaa bwaloni, kutakuwa na wakili wa kampuni, na huyo atatafuta neno moja tu. "Wakikuuliza kama uliwahi kurudi kuchukua mchanga baada ya lango kufungwa, sema hapana. Ukikubali hata ndoo moja, watasema wewe ni mwizi wa siku zote, na nyumba zote zitaanguka na wewe. Umenielewa, mzee?" Kaka yangu akasema ameelewa.

Asubuhi ya siku yenyewe alikuja kwangu kuchukua koti. Nilikuwa nimelitia viraka kwa ndani ili nje lionekane koti la mtu. Amekaa kwenye benchi, mimi nakata nyuzi za mwisho, binti yake akaingia amemshika Mchumba mkono. Walikuwa wanatoka zahanati. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaanza kulia kabla hajasema.

"Imepanda, shangazi."

"Nini imepanda?"

"Risasi. Wamempima tena. Imepanda kuliko mwanzo. Nimemfungia ndani, hagusi vumbi, maji nachemsha, nguo zake sizichanganyi na za mtu, nimeacha hata kufagia, napangusa na kitambaa chenye maji. Inapandaje? Mtoto hatoki mle chumbani!"

Nikamwambia ajikaze, pengine wamekosea kipimo. Mchumba alikuwa amesimama katikati ya vitambaa, anavuta uzi mwekundu, anatabasamu bila meno.

Kioo akauliza, "Analala upande gani?"

"Ukutani," binti akasema, anajipangusa. "Anapenda kulaza shavu pale, anasema kuna baridi tamu. Na kila akitaka kulala lazima akubusu wewe kwanza."

"Anibusu mimi?"

"Kile kiganja. Anasema ni mlango wa babu. Anakibusu, analala."

Nilikuwa nikimtazama kaka yangu wakati ule. Nikampa maji. Akayashika, hakunywa. Akasema twende, tutachelewa.

Bwalo lilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mbele kulikuwa na meza na mwenyekiti wa kamati, mzee wa miwani, na pembeni wakili wa kampuni, mwanamke mpole, mwenye sauti ya mtu anayekuuliza kama chai inatosha sukari. Binti yake Kioo alikaa mbele na mimi, Mchumba mapajani.

Kaka yangu alieleza vizuri. Msimamizi wa lango, lipu ya nyumba za wakubwa, lori la kampuni, kila kitu. Wakili wetu akazionyesha picha za viganja na vyeti. Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali. Nikaona kabisa mambo yanakwenda. Nikaona ukuta wangu mpya.

Yule mwanamke mpole akasimama.

"Pole kwa safari ndefu ya maswali, mzee. Mimi nina moja tu. Baada ya lango kufungwa, uliwahi kurudi kuchukua mchanga ule?"

Wakili wetu akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nyuma yangu niliisikia pumzi ya mchinjaji. Kila mtu mle ndani alijua jibu ni neno moja, na kila mtu alilishika mdomoni kumsaidia.

Kaka yangu alimtazama Mchumba. Mchumba alikuwa anachezea kifungo cha gauni la mama yake.

"Nilirudi," akasema.

Weee! Bwalo liliruka. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ametuuza!" Mwenyekiti akagonga meza.

"Ulirudi kwa ajili ya nyumba ya nani?" mwanamke akauliza, mpole vile vile.

Kaka yangu hakumjibu yeye. Aligeuka kabisa, akawapa mgongo wale wa mezani, akamwambia binti yake:

"Mwanangu, mtoe mtoto mle chumbani. Leo hii. Asilale tena mle."

Binti hakuelewa mara moja. Nilimwona akianza kutabasamu kidogo, kama mtu anayeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua na hataki kuonekana mjinga. Kisha ikamfikia. Hakupiga kelele. Alichukua mkono wa gauni lake akaanza kulipangusa shavu la mtoto, lile la kulia, la ukutani. Alipangusa, akapangusa, mpaka mtoto akaanza kulia na shavu likawa jekundu, na mimi nikamshika mkono kwa nguvu. Akasimama, akambeba, akapita katikati ya watu. Mchumba alimpungia babu yake begani mwa mama, mkono wazi, vidole vyote. Kioo akainua wake.

"Kwa hiyo ulikuwa mwizi, mzee," wakili wa kampuni akasema.

"Chumba kimoja niliiba. Kulikuwa na tundu kwenye uzio. Vingine vyote mlinipa wenyewe."

"Na kwa nini hukununua wa mto, kwa mwanao?"

"Wa mto una chenga," kaka yangu akasema. "Nilitaka ukuta wake uwe mzuri kuliko wote."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote, nilikaa pale na mikono yangu mapajani.

Mambo hayakuwa kama wakili wetu alivyoogopa. Mwenyekiti alimwamini. Alisema mtu anayejishtaki mbele ya mtoto wake hana sababu ya kudanganya katika yaliyobaki. Nyumba za mtaa zikaingia kwenye makubaliano, moja baada ya nyingine, mchinjaji, mimi, wote. Moja ikakataliwa, na hakuna aliyebishana, maana kiganja nyuma ya mlango wake kilikuwa cha mtoto aliyezaliwa miaka mingi baada ya lango kufungwa. Wakili wetu alijaribu kuomba huruma. Yule mwanamke mpole akajibu kwamba huruma haimo kwenye makubaliano. Wakatia saini, faili likafungwa.

Wafanyakazi wa kampuni walikuja wamevaa nguo nyeupe za kuwafunika mpaka nywele. Wakanyunyiza maji, wakabandua lipu, wakaijaza kwenye mifuko myeusi. Waliponifikia niliwaomba dakika, nikachora kiganja cha mwanangu kwenye kipande cha kitambaa. Nyundo ikapita. Walimaliza nyumba baada ya nyumba, na walipofika mlango wa mwisho wakauruka wakaenda kupakia magari. Majirani walikuja kumwambia binti pole. Walikaa kidogo, wakarudi kwao kuangalia kuta zao zinaendeleaje.

Binti na Mchumba walihamia kwangu. Daktari alituambia mtoto hatazidi kuharibika sasa, lakini yaliyokwisha kwenda hayarudi. Nilimuuliza yapi hasa. Akasema tutaona akikua. Mchumba huniuliza babu yuko wapi, na mama yake akisikia huwasha redio.

Siku moja Kioo alikuja na vifaa vyake vyote. Tindo, nyundo, mwiko, chekeche, na mkokoteni wa mchanga ambao safari hii kila mtu aliuona, mchanga wa mto, una vijiti na vikonokono. Binti alikuwa mlangoni kwake, amekuja kukiangalia chumba.

"Nimekuja kuubandua," akamwambia. "Nitaubandua kwa maji, vumbi halitatoka. Kisha nikupigie mwingine. Hutanilipa hata chai."

"Asante, baba," binti akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Fundi nimeshampata."

Fundi mwenyewe alikuwa jamaa mmoja anayepiga lipu kama anawatupia mbwa mawe. Alifanya kazi mle siku kadhaa. Binti akienda kumsimamia na Mchumba akiwa amelala, kaka yangu alikuwa anakaa mlangoni kwangu, mwiko mapajani, na kutoka pale unasikia kila kitu.

"Hajalowesha ukuta," akasema. "Sikiliza. Anapiga kwenye ukuta mkavu. Haitashika ile."

"Nenda kamwambie."

Hakwenda.

Lipu ilipokamilika binti alituita mimi na Mchumba tukaone. Ilikuwa imepinda, ina mabonde, kona haijanyooka. "Unaionaje, shangazi?" Nikamwambia nzuri. Mchumba yeye alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango, akachuchumaa, akainua kiganja mbele ya ukuta mbichi, akasubiri. Anajua huwa kuna mtu wa kumshika mkono. Mama yake alimvuta nyuma kwa ghafla, akampeleka kwenye ndoo, akamwosha mkono ule kwa sabuni ingawa haukuwa umegusa kitu.

Wakarudi kwao, na mvua za kwanza zilipokuja lipu ikavimba, ikapasuka, ikadondoka nusu nzima kitandani, kama Kioo alivyosema. Nikamwambia binti, mwite baba yako, mwanangu, umri wake umekwenda, mwite. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akajifunika kitambaa kichwani, akatoka kwenye mvua, akaenda kumwita fundi yule yule.